Kifurushi kutoka ng'ambo hadi Dodoma: namna ya kukivusha Forodha bila kukwama

Mtu wa Dodoma akiagiza kitu China, Dubai au Uingereza, kwa kawaida mzigo wake hukaguliwa na Forodha Dar es Salaam, takriban kilomita 450 kutoka alipo. Afisa anayelifungua boksi hamjui mwagizaji, hajui alilipa kiasi gani, na hawezi kuamua kodi kwa maelezo ya simu. Anasoma karatasi iliyobandikwa juu ya boksi, ankara iliyo ndani, na taarifa zilizotangulia kwenye kompyuta. Ndiyo maana kazi kubwa ya kuvusha mzigo hufanyika kabla hujalipa hata shilingi kwa muuzaji. Nitafuata safari yote hatua kwa hatua, lakini nitakaa zaidi kwenye karatasi na kwenye hesabu ya kodi, maana huko ndiko watu wa huku kwetu wanakopotezea muda na fedha.

Hatua ya kwanza: chagua njia

Njia ziko tatu, na kila moja hukutana na Forodha kwa namna yake.

Ya kwanza ni posta. Muuzaji anakabidhi kifurushi kwa posta ya nchi yake, posta hiyo inakikabidhi kwa Shirika la Posta Tanzania, Forodha wanakikagua humohumo kwenye mtiririko wa Posta, kisha unaitwa kukichukua. Ni nafuu na ni polepole. Pakiti ndogo mwisho wake kilo 2. Ukitaka kutuma kizito zaidi kuna huduma ya vifurushi na ile ya haraka ya EMS, ambayo nchi nyingi huipokea hadi kilo 30.

Ya pili ni kampuni za usafirishaji wa haraka kama DHL, FedEx na Aramex. Hizi hushughulikia forodha kwa niaba yako. Mzigo ukikaribia, utaletewa ujumbe wa kuomba TIN (namba ya mlipakodi), ankara na idhini yako ya kutoa mzigo. Utalipa kodi ya Serikali na juu yake ada ya huduma yao. Iulize ada hiyo mapema, kwa sababu kwa kitu cha bei ndogo inaweza kuizidi kodi yenyewe.

Ya tatu ni wakala wa mizigo, anayekusanya vitu vya watu wengi Guangzhou, Yiwu au Dubai, anavipakia pamoja, anavitoa kwa jina lake na kukutoza kwa kilo kama ni ndege, au kwa CBM, yaani mita za ujazo, kama ni meli. Mara nyingi bei yake imeshajumlisha kodi, na mzigo unauchukulia Kariakoo au unatumiwa kwa basi. Kwa mwenye duka Majengo au Sabasaba anayeleta mali nyingi, njia hii ina unafuu. Ila ujue unakubali nini: hati ya forodha haina jina lako. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) hawezi kudai kodi aliyolipa kwa hati ya mtu mwingine, na siku akiulizwa mali ilivyoingia nchini, hana cha kuonyesha. Kama biashara yako ni rasmi, sema mapema kwamba unataka tamko la forodha kwa jina na TIN yako, hata kama gharama itapanda kidogo.

Hatua ya pili: hakikisha kitu kinaruhusiwa

Sheria inayotawala hapa ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ina jedwali la vitu vilivyopigwa marufuku na vile vinavyohitaji kibali. Marufuku ni pamoja na fedha bandia, dawa za kulevya, picha za ngono, bidhaa bandia, na sabuni na vipodozi vyenye zebaki. Hili la mwisho nalikazia, kwa sababu krimu za kung'arisha ngozi zinaagizwa sana mitandaoni na nyingi hazisemi ukweli wa kilichomo. Krimu ya namna hiyo hailipiwi kodi ikapita; inashikwa na kuteketezwa. Kwa upande wa Tanzania, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa haijaruhusiwa kuingia tangu tarehe 1 Juni 2019.

Vinavyohitaji kibali ndivyo vinavyowakwamisha watu wasio na nia mbaya kabisa. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Chakula na vipodozi vilihamishiwa TBS mwaka 2019. Kemikali ziko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hapa wanafunzi na watafiti wa UDOM wawe waangalifu, kwa sababu chupa ndogo ya kemikali ya maabara ni kemikali vilevile. Vifaa vya mawasiliano ya redio vinahusu TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Droni inahitaji kibali kabla ya kuagizwa, si baada ya kufika.

Mbegu, vipandikizi na viuatilifu viko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Nawasihi wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wasidharau hili. Unaona aina mpya ya mzabibu kwenye video, muuzaji anasema anatuma vipande vitano ndani ya bahasha, inaonekana jambo dogo. Kipande kimoja chenye ugonjwa kinaweza kuangamiza mashamba ya majirani wote. Afisa akikikuta bila kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea cha nchi kilikotoka, hatakuachia, na ana haki. Pita kwanza kwenye kituo cha utafiti cha TARI Makutupora uulize aina unayoitaka; huenda ikapatikana bila kuvuka mpaka wowote.

Kuna pia vitu ambavyo Forodha haina shida navyo ila ndege haivibebi. Pawabanki na betri za lithiamu zinazosafiri peke yake, bila kuwa ndani ya kifaa chake, hazikubaliwi kwenye posta ya ndege. Manukato vilevile, kwa sababu yanashika moto. Vifurushi vya namna hii hukwama nchi ya muuzaji, na mnunuzi wa Dodoma hubaki akiwalaumu watu wa Dar es Salaam ambao hawajauona mzigo.

Hatua ya tatu: karatasi

Anza na TIN. Ni namba ya tarakimu tisa, haina malipo, na mtu binafsi asiye na biashara anaipata kwa namba yake ya NIDA kwenye tovuti ya TRA au kwa kwenda ofisi ya TRA ya mkoa. Ichukue kabla ya kuagiza. Kuitafuta mzigo ukiwa umeshawekwa ghala ni kujiongezea siku za bure.

Kisha jina. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Jina la utani au jina la akaunti ya mtandao litakusumbua kwenye dirisha la kuchukulia, maana karani anatakiwa kulinganisha.

Kisha anwani. Andika sanduku la posta kama unalo, kata na mtaa, neno Dodoma, na msimbo wa posta wa tarakimu tano. Misimbo ya mkoa wetu huanza na 41. Usiandike "Tanzania" peke yake kwenye nafasi ya mji kwa kudhani watajua. Namba ya simu iandike na +255 mbele, iwe namba unayoipokea kila siku, na mwombe muuzaji aichape juu ya lebo yenyewe. Wauzaji wengi hubaki na namba kwenye kompyuta yao tu, boksi likafika likiwa bubu. Nikitakiwa kuchagua jambo moja tu la kumsisitizia anayeagiza kwa mara ya kwanza, ningechagua hili la simu kwenye lebo.

Sasa tamko la forodha. Kwa njia ya posta, muuzaji hujaza fomu iitwayo CN 22 kwa mzigo wa thamani ndogo, au CN 23 kwa thamani inayozidi SDR 300, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Tangu tarehe 1 Januari 2021, taarifa zilezile lazima pia zitumwe kielektroniki kutoka posta ya huko kwenda posta ya huku kabla mzigo haujafika. Ndani yake kuna maelezo ya kitu, idadi, uzito, thamani na sarafu yake, na ikiwezekana namba ya HS, ile namba ya kutambulisha bidhaa ambayo tarakimu zake sita za mwanzo ni zilezile duniani kote. Jumuiya yetu inaongeza mbili, zinakuwa nane.

Maelezo ndiyo yanayoamua kasi. "Zawadi" haielezi kitu. "Vipuri" haielezi kitu. "Sampuli" ndiyo inayotia shaka zaidi. Mwandikie muuzaji maneno unayotaka yaonekane: "mkasi wa kupogolea mizabibu, chuma, vipande 2", au "shati la pamba la kiume, jipya, 3". Afisa akisoma hivyo anajua moja kwa moja kundi la ushuru. Akikuta neno lisiloeleweka, anaweka boksi pembeni lisubiri kufunguliwa, na pembeni kuna foleni.

Kuhusu thamani, utakutana na wauzaji wanaojitolea kuandika dola 5 kwenye kitu cha dola 120, wakidhani wanakusaidia. Wakatalie kwa maandishi. Kwanza, haifanyi kazi. Sheria inampa afisa njia za kufuata pale anapokuwa na sababu ya kutilia shaka bei, ikiwemo kutumia bei ya bidhaa ileile au inayofanana iliyowahi kuingia, na ukadiriaji huo unaweza kuwa juu kuliko ulicholipa. Pili, tamko la uongo ni kosa: adhabu yake inafika kifungo cha miaka 3 au faini ya hadi dola 10,000 za Marekani. Tatu, mzigo ukipotea, fidia hufuata thamani iliyotangazwa. Utalipwa ya dola 5.

Hifadhi kwenye simu ankara yenye jina lako, uthibitisho wa malipo ya benki au ya kadi, na picha ya ukurasa wa bidhaa uliyonunua. Nauli ya usafiri ionekane kwenye mstari wake, isichanganywe na bei ya bidhaa, kwa sababu inaingia kwenye hesabu za kodi kwa namna tofauti. Vitu hivi vitatu ukiwa navyo, hata afisa akiuliza swali saa nne asubuhi, saa nne na nusu anaweza kuwa na jibu, wewe ukiwa Area D.

Hatua ya nne: fuatilia, na uelewe unachosoma

Namba ya ufuatiliaji ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi mwishoni, kama CN kwa China au GB kwa Uingereza. Ikianza na E ni EMS, na C ni kifurushi, na R ni ya rejista. Tarakimu ya tisa ni ya uhakiki, hivyo ukikosea tarakimu moja mfumo utasema namba haipo. Usiogope kabla hujaisoma upya.

Taarifa zenye maana kwako ni chache. Mzigo "umeondoka ofisi ya kubadilishana" ya nchi ya muuzaji, yaani pale posta inapokabidhi mizigo ya kwenda nje, maana yake umekabidhiwa kwa safari, haina maana kwamba umepanda ndege. Ukimya baada ya hapo ni wa kawaida. Ukisoma kwamba umefika ofisi ya kubadilishana ya Tanzania, uko Dar es Salaam. "Umewasilishwa Forodha" ni zamu ya kawaida ya kila mzigo. "Umeshikiliwa na Forodha" ndiyo taarifa inayokutaka usimame: kuna kitu kinakosekana, ama ankara, ama kibali, ama malipo. Piga simu siku hiyohiyo, usisubiri barua. "Umerudishwa kutoka Forodha" wengi huisoma kama mzigo umerudishwa kwa muuzaji, wakaanza kudai fedha zao. Maana yake ni kwamba Forodha wamemaliza na wameurudisha mikononi mwa Posta, yaani habari njema.

Hatua ya tano: piga hesabu kabla ya kuagiza

Viwango vya ushuru wa forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki viko ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Sifuri ni kwa malighafi nyingi na mitambo, na kompyuta mpakato imo humo. Kumi ni kwa bidhaa zisizokamilika. Ishirini na tano ni kwa bidhaa nyingi zilizokamilika. Thelathini na tano ilianza tarehe 1 Julai 2022 kwa bidhaa zinazotengenezwa ndani ya Jumuiya, kama nguo, samani na bidhaa za ngozi. Nchi wanachama hupewa nafasi ya kutofautiana kwenye baadhi ya bidhaa kila mwaka wa fedha, kwa hiyo mwezi Julai ukipita, uliza upya.

Juu ya ushuru inakuja VAT ya asilimia 18, na hapa ndipo hesabu za watu zinapokosewa. VAT haikokotolewi kwenye bei ya bidhaa peke yake. Inakokotolewa kwenye thamani ikijumlishwa na ushuru.

Chukua bidhaa ambayo Forodha wameikubali kwa thamani ya shilingi 200,000, iliyo kwenye kundi la asilimia 25. Ushuru ni 50,000. Jumla inakuwa 250,000, na VAT yake ni 45,000. Umefika 95,000, karibu nusu ya thamani. Ingekuwa nguo ya asilimia 35, ushuru ni 70,000, VAT ya 270,000 ni 48,600, jumla 118,600. Ingekuwa bidhaa ya asilimia sifuri inayotozwa VAT, ungelipa 36,000. Kisha ongeza tozo ndogo zinazokokotolewa kwa asilimia ya thamani, kama ile ya maendeleo ya reli na ya kushughulikia nyaraka za forodha, na ushuru wa bidhaa kwa vitu vinavyohusika. Mimi hushauri mtu atenge theluthi mbili ya bei ya kitu pembeni kwa nguo na bidhaa za nyumbani. Ikibaki, ni yake.

Neno "zawadi" halifuti kodi. Shangazi aliyeko London akikutumia viatu vipya, navyo vina thamani na vitakadiriwa. Mwambie aandike bei ya kweli na aweke risiti ndani.

Hatua ya sita: lipa kwa namba ya Serikali tu

Kodi ikishakadiriwa, hutolewa namba ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontroo namba, yenye tarakimu 12. Unalipa benki au kwa simu kupitia menyu ya malipo ya Serikali. Kabla hujaweka namba ya siri, angalia jina la taasisi na kiasi kinachoonekana. Baada ya kulipa, hifadhi risiti.

Matapeli wanalijua dirisha hili vizuri. Ujumbe unaingia: mzigo wako umeshikwa uwanja wa ndege, tuma shilingi 85,000 kwa namba hii ya simu. Hakuna kodi ya forodha inayolipwa kwa namba ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kwa jina na cheo. Kuna utapeli mbaya zaidi, wa "rafiki" wa mtandaoni anayedai amekutumia boksi la dhahabu, simu na dola. Kinachofuata ni "ada ya forodha", kisha "cheti", kisha "faini". Mwenye mzigo wa kweli ana namba ya ufuatiliaji inayosomeka na mfumo wa Posta au wa kampuni husika. Kama namba inafunguka kwenye tovuti waliyokutumia wao peke yao, acha. Waambie wazazi nyumbani hili kwa upole na mapema, hasa Kondoa, Kongwa na Mpwapwa ambako mtu wa kumuuliza anaweza kuwa mbali.

Hatua ya saba: Dar es Salaam hadi mkononi

Mzigo wa posta huletwa Dodoma kwa usafiri wa Posta wenyewe, huna haja ya kutuma mtu. Nenda na kitambulisho, namba ya ufuatiliaji na risiti ya malipo kama yalikuwepo. Ukimtuma mwingine, mpe barua ya idhini na nakala ya kitambulisho chako. Mzigo wa wakala unaokuja kwa basi utashukia stendi kuu ya Nanenane. Andika jina na simu pande mbili za boksi, na upate namba ya basi siku ya safari.

Likague boksi hapohapo dirishani. Utepe wa Forodha juu yake ni wa kawaida, unaonyesha lilifunguliwa kihalali. Kama limelowa, limechanika au uzito hauendani na ulioandikwa, sema kabla ya kusaini, na omba iandikwe. Ukishasaini na kwenda nalo Nkuhungu, ushahidi umeisha.

Usilaze mzigo. Bidhaa iliyowekwa ghala la forodha isipotolewa ndani ya siku 30, Forodha inaweza kutangaza notisi, na siku 30 nyingine zikipita inahesabiwa kuwa imetelekezwa na inaweza kupigwa mnada. Ada za kuhifadhi huanza mapema zaidi ya hapo, na kila msafirishaji ana zake.

Ukiona kodi imekosewa

Kwanza omba karatasi ya mchanganuo: thamani iliyotumika, namba ya HS, asilimia ya kila kodi. Mara nyingi tatizo linaonekana hapo: kitu kimewekwa kundi lisilo lake, au idadi ya 1 imesomwa 10. Peleka ankara na uthibitisho wa malipo, ueleze kwa heshima na kwa namba.

Wakikataa, una siku 30 tangu ulipopewa uamuzi kuomba kwa maandishi kwa Kamishna uangaliwe upya, na yeye ana siku 30 za kukujibu. Asipokuridhisha, kuna siku 45 za kukata rufaa Bodi ya Rufani za Kodi. Kwa shati moja hakuna atakayefika huko, lakini mwenye mashine ya kusindika zabibu iliyokadiriwa vibaya asiogope kufika. Kama ulilipa kimakosa, ombi la kurudishiwa fedha lifanywe ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo, likiambatana na risiti ileile uliyoihifadhi kwenye hatua ya sita.